Maji Yanaonekana Safi: Nani Atatuambia Kama Yana Sumu?



Siku moja ya kupima kilo nilikuwa nikifundisha juu ya maji. Nilisema maneno yaleyale niliyosema miaka mingi: "Chemusha maji ya kunywa, funika chombo, nawa mikono." Wamama walipiga makofi kama kawaida. Lakini mama mumoja, mwenye mutoto mugongoni, alinyoosha mukono, akasema: "Mama, kwetu samaki wa kijito wamekufa wote. Vyura hawalii tena usiku. Maji iko safi, unaona mawe chini. Mimi ninachemusha kila siku. Je, nikichemusha, ile kitu iliyoua samaki inakufa?"

Nilinyamaza kidogo. Halafu nikamujibu kweli: "Hapana, mama. Haiondoki."

Huyu mama alikuwa amefanya kila kitu nilichomufundisha, na bado mutoto wake alikuwa katika hatari. Kosa halikuwa lake. Fundisho langu lilikuwa nusu. Tangu siku ile ninafundisha nusu ya pili pia, na ndiyo hii mutakayosoma hapa.

1. UCHAFU WA MAJI NI WA NAMNA MBILI

Namna ya kwanza ni vijidudu. Hivi ndivyo vinavyoleta kolera, tifoide na kuhara. Vijidudu vina uzima. Moto unaviua. Ndiyo sababu tunasema: chemusha.

Namna ya pili ni sumu. Sumu inaweza kuwa shaba, kobalti, risasi au zebaki inayotoka katika machimbo. Inaweza kuwa asidi ya kiwanda, mafuta ya motere, au dawa ya kuua wadudu iliyonyunyizwa shambani. Sumu ya madini haina uzima, basi huwezi kuiua. Tia chumvi katika sufuria ya maji, uiache juu ya moto muda mrefu, kisha onja. Maji yamepunguka, lakini chumvi imebaki yote, na maji yamezidi kuwa makali. Shaba na risasi zinafanya ginsi hiyohiyo. Mvuke unaenda, madini yanabaki.

Na macho yetu hayatoshi. Maji ya matope baada ya mvua yanaweza kuwa bila sumu, na maji maangavu kama kioo yanaweza kuwa na sumu nyingi. Ulimi pia unadanganya, kwa maana risasi katika maji haina ladha.

Basi, nani atatuambia? Watu wa labo wana mashini za kupima madini. Mashini ni nzuri, lakini inajibu ulizo uliloiuliza tu. Ukiiuliza juu ya shaba, itakuambia shaba ni kiasi gani. Haitakuambia kitu juu ya dawa ya shamba. Tena katika muto sumu mingi zinachanganyika, na pengine moja inaongeza nguvu ya nyingine. Kwa hiyo watu wa labo wanafanya kipimo cha pili: wanauliza kitu chenye uzima. Wanatia nyama mudogo ndani ya maji yale na kutazama kama ataishi.

2. WAZEE WETU WALIJUA JAMBO HILI

Wengi wenu mumeona watu wakivua samaki kwa utupa. Wanaponda majani, wanayatia katika maji, na kisha muda kidogo samaki wanapanda juu, wamelegea. Mutu aliyeona hivi anajua mambo mawili tayari. La kwanza: maji yakiwa na sumu, samaki wanatuonyesha. La pili: majani kidogo, samaki wachache, majani mengi, samaki wote. Kipimo cha labo kinasimama juu ya mambo haya mawili. Tofauti ni kwamba labo inahesabu, inaandika, na inalinganisha.

3. KADUDU KANACHOITWA DAFNIA

Katika nchi nyingi, nyama anayetumiwa sana kwa kupima maji ya mito anaitwa dafnia. Anaishi katika maji yasiyo na chumvi, katika mabwawa na maziwa. Mukubwa wake hapiti milimita 5 hivi. Anaogelea kwa kurukaruka, na watu wengine wanamwita kiroboto cha maji, lakini haumi mutu. Mwili wake ni kama kioo. Ukimutazama kwa mikroskopi, unaona moyo wake unapiga, na unaona mayai yake katika mufuko ulio mugongoni, kama mama aliyebeba.

Tazama sasa ginsi kipimo kinavyofanywa.

Kwanza, wanachota maji fasi mbili: juu ya muto, mbele ya kiwanda au machimbo, na chini, nyuma yake. Juu gani mbili? Kwa sababu maji ya juu yatatuambia muto ulikuwa namna gani kabla ya uchafu kuingia. Chupa inasafishwa, inajazwa mpaka juu, inaandikwa fasi, tarehe na saa, na inapelekwa upesi katika ubaridi. Maji yakilala siku mingi katika joto, yanabadilika, na jibu halitakuwa la kweli.

Pili, wanatwaa dafnia watoto, waliozaliwa chini ya masaa 24 yaliyopita. Watoto ndio wanaosikia sumu upesi. Wewe mama unajua jambo hili kuliko mimi.

Tatu, wanatia dafnia 20 katika maji ya muto, mara nyingi katika vyombo vine, watano watano. Wengine 20 wanatiwa katika maji mazuri ambayo labo inajua hayana sumu. Hawa wa maji mazuri ni mashahidi. Zaidi ya 2 kati ya wale 20 wakiacha kuogelea, kipimo chote kinatupwa na kuanzwa tena, kwa maana pengine wadudu wenyewe walikuwa wagonjwa.

Ine, wanangoja siku mbili, ni kusema masaa 48. Hawawapi chakula. Wanatazama nusu ya muda na mwisho wa muda. Wanatikisa chombo polepole. Dafnia asiyeogelea katika nukta 15 baada ya kutikiswa, wanamuhesabu kati ya walioshindwa.

4. HESABU INASEMA NINI?

Haitoshi kusema "maji ni mabaya." Tunataka kujua ni mabaya kiasi gani. Kwa hiyo wanachanganya maji ya muto na maji mazuri, kidogo kidogo, kama wewe unavyopunguza chumvi katika mboga. Hapa ninatoa mufano tu, kusudi muelewe:

Maji ya muto peke yake: wote 20 wameshindwa.
Kikombe 1 cha muto na kikombe 1 cha maji mazuri: 16 wameshindwa.
Kikombe 1 cha muto na vikombe 3 vya maji mazuri: 10 wameshindwa.
Kikombe 1 cha muto na vikombe 7 vya maji mazuri: 3 wameshindwa.
Maji mazuri peke yake: hakuna aliyeshindwa.

Watu wa labo wanatafuta fasi ile ambapo nusu ya wadudu wameshindwa. Hapa ni kwenye kikombe 1 na vikombe 3, ni kusema maji ya muto ni 25 kwa mia. Ukisikia hesabu hii, usidanganyike. Hesabu ikiwa ndogo, sumu ni kali zaidi. Kama ni 5 kwa mia, maana yake hata tone dogo la muto ule katika maji mengi mazuri linatosha kuangusha nusu.

Kuna vipimo vingine vya namna hii. Kwa samaki wadogo wanangoja masaa 96. Kwa kitunguu wanaweka sehemu ya chini igusane na maji, kisha siku chache wanapima urefu wa mizizi. Katika maji yenye sumu mizizi inabaki mifupi, pengine inaoza. Mwalimu wa masomo anaweza kuonyesha watoto jambo hili kwa vitunguu na vikombe. Ni fundisho zuri. Lakini musitumie kitunguu kwa kukata shauri kama maji ni ya kunywa.

5. MAMA ANAISHI, LAKINI WATOTO WAKO WAPI?

Sasa sikieni jambo linalonigusa kupita yote.

Pengine dafnia anatiwa katika maji ya muto, na siku mbili zinapita, naye anaogelea muzima. Je, tuseme maji ni mazuri? Hapana bado. Kuna kipimo kingine kinachokaa siku 21. Katika kipimo hiki wanamulisha dafnia, wanabadilisha maji yake, na wanahesabu watoto wake wote. Dafnia jike katika maji mazuri anazaa mara kwa mara, hata pasipo dume. Lakini katika maji yenye sumu kidogo, mama anaweza kuishi siku zote 21, anakula, anaogelea, na watoto wake ni wachache, au hakuna.

Sumu haikumuua mama. Ilipita kwake na kugusa uzao wake. Mutu aliyetazama mama peke yake angesema: hakuna shida.

6. MATOPE YA MUTO LUILU

Musifikiri kwamba haya ni mambo ya Ulaya tu. Karibu na Kolwezi, katika jimbo la Lualaba, fasi ya shaba na kobalti, watafiti walichunguza mito Dilala, Luilu na Mpingiri. Walitoa habari ya kazi yao mwaka 2018. Walipima madini katika maji na katika matope ya chini, wakakuta shaba na kobalti nyingi sana. Kisha waliuliza wenye uzima. Walitwaa wadudu wadogo wanaoitwa ostrakodi, wenye magamba mawili kama punje ya haragi, ila ni wadogo sana, na kuwaweka pamoja na matope ya mito. Baada ya siku 6 wote walikuwa wamekufa.

Juu gani walipima matope na si maji tu? Kwa sababu maji yanapita, lakini matope yanatunza. Leo kiwanda kinaweza kufunga mufereji wake, na kesho maji yakaonekana maangavu. Lakini sumu ya miaka mingi imelala chini. Mutoto akiingia kucheza, anaikoroga. Samaki anayekula chini anaila. Basi tukiona maji yamerudi kuwa maangavu, tusikimbilie kusema muto umepona.

7. KIPIMO HIKI HAKISEMI KILA KITU

Shahidi mwema anasema alichokiona tu. Dafnia ni shahidi mwema, lakini hajaona kila kitu.

Dafnia anaogopa shaba kuliko sisi. Shirika la Afya la Ulimwengu linakubali mpaka miligramu 2 za shaba katika litre moja ya maji ya kunywa. Katika maji mengi ya mito dafnia anashindwa hata kama shaba ni mara kumi chini ya hapo. Kwa hiyo dafnia akifa, si kusema kila mutu aliyekunywa atakufa. Ni kusema: hapa kuna kitu, tafuteni ni kitu gani. Ndipo mashini inafanya kazi yake, na hivi vipimo viwili vinasaidiana.

Kwa risasi ni kinyume. Kipimo cha maji ya kunywa ni miligramu 0.01 tu katika litre, kwa maana risasi inaharibu ubongo wa mutoto hata ikiwa kidogo. Maji yenye risasi mara mbili ya hapo, dafnia anaweza kuogelea ndani yake siku mbili bila shida. Hapa mududu anasema "ndiyo", na mama anapaswa kusema "hapana". Tena dafnia hamuonyeshi mama kijidudu cha kolera. Kwa hiyo kuchemusha hakuachwi.

Na kuna sumu inayoenda polepole, toka kidudu mpaka samaki mudogo, toka samaki mudogo mpaka mukubwa, toka samaki mpaka mama, na toka mama mpaka tumbo lake. Jambo hili lilijulikana kwa machozi mengi katika Japani, kwenye muji wa wavuvi unaoitwa Minamata. Kiwanda cha kampuni Chisso kilikuwa kikimwaga maji yenye zebaki katika bahari. Paka waliokula samaki walianza kuyumba na kuanguka kama wanaocheza dansi. Mwaka 1956 munganga wa hospitali ya kiwanda, Hajime Hosokawa, alitoa habari ya watoto waliopatwa na ugonjwa wa mishipa usiojulikana. Mwaka 1959 yeye mwenyewe alifanya kipimo: alimulisha paka chakula kilichochanganywa na maji ya kiwanda. Paka yule, namba 400, akapata ugonjwa uleule. Jibu lilikuwa limepatikana, lakini kampuni haikutaka litangazwe. Zebaki iliendelea kumwagwa mpaka mwaka 1968.

Katika muji ule kulikuwa wamama walioonekana wazima, au wenye ganzi kidogo tu katika vidole. Lakini watoto wao walizaliwa wamelemaa, hawawezi kukaa wala kusema. Zamani waganga wengi walifikiri kondo la nyuma linamukinga mutoto na sumu. Minamata iliwafundisha kwamba zebaki inapita. Mwaka 1962 ilikubaliwa kwamba watoto hawa walipata ugonjwa ndani ya tumbo la mama.

Hapa kwetu Congo zebaki iko. Wachimbaji wa zahabu katika Kivu ya Kusini na Ituri wanaitumia kwa kukamata zahabu, kisha wanaichoma. Mabaki yanaenda mutoni. Kwa hiyo habari ya Minamata ni yetu pia.

8. MAMA AFANYE NINI?

Sisi hapa lopitali hatuna dafnia. Labo yetu inatazama damu, choo na mukojo. Kupima sumu ya mito ni kazi ya labo za vyuo vikuu na za serikali. Lakini labo haiji mahali pasipoitwa, na nani ataiita kama si wewe unayechota maji kila asubuhi? Wewe ndiwe unayeuona muto kuliko munganga, kuliko shefu, kuliko mwenye kiwanda.

Kwanza, tazama wenye uzima. Samaki wanaelea wamekufa? Kaa, vyura na kereng'ende wamepotea? Majani ya kando yamekauka? Maji yamebadilika rangi au yana mafuta juu? Usichote siku ile, hata kama unafikiri utachemusha. Usile samaki waliokufa hivyo, na usiwaanike kwa kuuza.

Pili, sema, na musiseme mumoja mumoja. Mukusanyike wamama, mwende kwa shefu na kwa muuguzi wa kituo cha afya. Mwandike siku, saa, fasi, na kitu mulichoona. Mwombe maji yachotwe juu na chini ya fasi ya uchafu, na matope pia. Sasa munajua juu gani.

Tatu, tafuta maji mengine ya kunywa na kupika: bomba, kisima kilichochimbwa vizuri, chemchemi iliyo juu ya machimbo, au mvua iliyokingwa kwa bati safi, mbali na moshi wa kiwanda. Kama ni maji ya mvua au ya chemchemi, bado uyachemushe, juu ya vijidudu.

Ine, munyonyeshe mutoto maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, pasipo maji wala uji. Hata kama unaogopa sumu, usimuachishe. Mutoto wa chupa anapata maji ya muto mara nyingi kwa siku; mutoto wa titi hayanywi.

Tano, kama una mimba, usiache samaki, kwa maana samaki anajenga mutoto. Chagua wadogo kama ndakala. Wale wakubwa wanaokula samaki wengine ndio wanaokusanya zebaki nyingi.

Sita, zebaki isichomwe katika nyumba wala katika jiko, na bwana asilete nguo za kazi ya machimbo ndani ya chumba cha mutoto. Musemezane naye kwa upole, lakini musemezane.

Saba, tusiwe sisi wenyewe wenye kutia sumu. Bidoni ya dawa ya shamba isioshwe mutoni, wala isichotewe maji kamwe. Na wavulana wasivue samaki kwa dawa.

KUMBUKA

Moto unaua vijidudu, hauondoi madini.
Maji maangavu si lazima maji mazuri.
Dafnia akifa, kuna sumu. Dafnia akiishi, bado tuulize.
Mama anaweza kuonekana muzima, na mutoto tumboni akaumia.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Juu gani wanachota maji juu na chini ya kiwanda?
2. Maji A yanaangusha nusu ya dafnia kwa 50 kwa mia, maji B kwa 10 kwa mia. Sumu kali iko wapi?
3. Juu gani dafnia anahesabiwa watoto wake siku 21?
4. Katika kijito chenu, ni nyama gani walikuwako mulipokuwa wasichana, na leo hawako?

Ulizo la ine, jibu lake halimo katika kitabu. Uliza mama yako na bibi yako. Kisha, siku ya kilo, tuletee jibu, nasi tutaliandika.